Saa ya Sukari

Siku ambayo sheria zote za mji wa Kisima zilikuwa zife kwa mara ya tatu, Wakesho Mwadime alitoka chumbani mapema na kukuta vikombe vimekwisha kupangwa mbele ya ghala la sukari. Watu walianza kuviweka tangu jana yake: vya bati, vya plastiki, kimoja cha udongo kilichovunjika mkono, kila kimoja na jina la mwenyewe, foleni ikizunguka kona hadi karibu na kliniki. Alisimama akaitazama yote. Kikombe cha njano cha mdogo wake Mghoi hakikuwamo. Alijua hakitakuwamo, lakini alikitafuta vilevile, mpaka mwisho wa foleni.

Saa ya Sukari haikuandikwa popote. Katiba ya Kisima ilisema tu kwamba sheria zinaishi miaka kumi na tisa, kisha saa sita mchana zinakufa zote kwa mpigo, na watu wazima wanakaa ukumbini waulizwe upya, ibara moja moja, kama bado wanazitaka; huo ndio uhuisho. Hakuna kizazi, waasisi walisema, kinachoweza kuwafunga watoto kwa ahadi ambayo watoto hawakuitoa. Wazo lenyewe hawakulitunga wao. Lilitoka Duniani, kwa yule Jefferson aliyeandika Azimio la Uhuru la Wamarekani, ambaye siku moja huko Paris alikaa na majedwali ya vifo akakokotoa kwamba baada ya miaka kumi na tisa wengi wa watu wazima waliokubaliana jambo wanakuwa wamekwisha kufa. Rafiki yake Madison alimjibu kwa adabu kwamba kati ya sheria ya zamani na mpya kutakuwa na pengo, na katika pengo jambo lolote laweza kutokea. Amerika ilimsikiliza Madison. Kisima, kwa ubishi wake, kilimsikiliza Jefferson.

Na kwenye pengo lao alikuwamo Msikizi, mtambo wa mji. Huyo ndiye aliyeshika hewa, maji, joto na milango ya mji ule uliochimbwa chini ya udongo mwekundu wa Mirihi. Siku za kawaida alitii sheria, basi. Lakini sheria zikifa alibaki hana wa kumtii ila watu wenyewe, akawa anasoma vikuku vyao. Kila mtu mzima alivaa kikuku mkononi, na kikuku hakisomi unachosema, kinasoma unachotaka. Watu mia nne na wanane. Zaidi ya nusu wakitaka jambo moja kwa dakika nzima, Msikizi analitenda. Kwenye uhuisho wa kwanza waasisi walikuwa wamechoka na mgao, wakajikuta wote wanawaza chai ya maana, na mlango wa ghala la sukari ukafunguka wenyewe. Walicheka hadi machozi. Tangu hapo ikawa desturi, na wengine waliamini sherehe yote iliwekwa kwa ajili ya sukari.

Wakesho alikuwa karani wa kitabu cha sheria. Kazi yake ilikuwa kusoma, kuuliza, kuhesabu na kuandika. Saa sita kamili Baraza, Mtendaji Mkuu na Mahakama vingekufa pamoja na sheria zilizoviweka, abaki karani peke yake, kwa kuwa lazima awepo wa kuhesabu. Alikuwa ameisubiri siku hii miaka sita. Sasa ilipofika aliona afadhali kazi hiyo apewe mtu mwingine yeyote.

Mtu wa mwisho kukaguliwa kikuku kabla ya uhuisho alikuwa Obedi Nzaramba, fundi wa mabomba. Kisima hakikuwa na jela. Obedi alikaa chumba cha tatu, kilichokuwa zamani chumba cha kutokea nje, ubavuni mwa ukumbi. Mlango wake wa nje ulikwisha kuzibwa kwa kuchomelewa. Wa ndani ulikuwa na kioo kinene, na chini ya kioo kidirisha cha kupitishia sahani.

"Umeamkaje, dada Wakesho?"

"Nimeamka. Leta mkono."

Alipitisha mkono kidirishani. Ulikuwa mkono wa fundi, wenye kovu la kuungua juu ya kidole gumba. Siku thelathini na moja nyuma, vali moja, koki ya kufungia bomba, iliachwa wazi, bomba la chumba cha watoto likaganda na kupasuka, na chumba hicho kikapoteza joto na hewa kwa pamoja. Walikufa wajukuu wawili wa Mzee Lukindo, na alikufa Mghoi, mlezi wao, akiwa amewafunika kwa mwili wake. Jina la mwisho kwenye daftari la vali lilikuwa la Obedi. Kesi yake ilipangwa Jumanne ijayo, mbele ya wananchi wenzake kumi na wawili waliokwisha kuchaguliwa kwa kura.

"Mara iliyopita ilichukua muda gani?" Obedi aliuliza.

"Dakika arobaini."

"Na ibara inayonilinda, ya nne, mnaifikia dakika ya ngapi?"

"Ya kumi na tano hivi. Mbona unauliza?"

Obedi alirudisha mkono wake. "Mabomba ya chumba hiki nimeyafunga mwenyewe. Kina vali yake ya hewa, peke yake. Watu wakitaka sukari, Msikizi anafungua ghala. Leo watu wanataka nini, dada?"

Wakesho alijua kwamba hakuwa ameambiwa jambo jipya. Kwa mwezi mzima alikuwa akiliona jambo hilo kwa pembe ya jicho na kugeuza uso.

*

Aliwakuta Jaji Rwegasira na Mtendaji Mkuu, Bi Coombs, ofisini kwa Jaji, wakinywa kahawa ya mwisho ya madaraka yao. Ilikuwa saa nne na nusu. Mlango wa chumba cha tatu ulifunguliwa kwa funguo mbili, mmoja wa Jaji na mmoja wa Mtendaji, na ifikapo saa sita funguo zote mbili zingegeuka vyuma vitupu, maana Msikizi hangezitii tena.

"Mtoeni sasa hivi," Wakesho aliwaambia. "Mpelekeni kliniki, mpelekeni kwenye kisima cha maji, popote pasipo na vali yake peke yake."

Bi Coombs, mwanamke mrefu mwenye madoa usoni aliyezaliwa hapohapo Kisima, aliweka ufunguo wake mezani bila kusita. "Wangu huu. Bila wake haufungui kitu."

Jaji hakuugusa wa kwake. Alikuwa mtu wa haki kwelikweli, na kama watu wengi wa haki alipenda kuonekana hivyo. "Nikimhamisha leo, Bi Wakesho, nitakuwa nimewaambia watu mia nne kwamba nawaona wauaji."

"Na kama ni wauaji, mheshimiwa?"

"Basi karatasi zangu zingewazuia vipi siku zote hizi?" Alivua miwani akaifuta. "Uhuisho ni wa kuwaamini watu. Tukianza kuwaficha vitu, tuuache kabisa."

"Basi Msikizi alazwe. Dakika arobaini tu."

Hapo wote wawili walimtazama kwa huruma, maana hata mtoto wa darasa la tatu alijua kisa cha swichi. Kwa miezi saba ya safari kutoka Duniani waasisi walibishana juu yake. Bibi yake Bi Coombs, Ardith, mwalimu wa historia kutoka Pennsylvania, aliwakumbusha usiku na mchana kwamba mamlaka yakikaa mkono mmoja yanaoza. Ndiyo maana Wamarekani wa kwanza waliyakata mapande matatu na kila pande likapewa kazi ya kuyachunga mengine. Babu yake Wakesho, Mwalimu Mwadime wa Taita, alikubaliana naye. Wote walikubaliana. Ila swichi ya kumlaza Msikizi haikatiki mara tatu. Baraza likishika, Mtendaji anaogopa. Mtendaji akishika, Mahakama inaogopa. Walipiga kura mara kumi na moja, na mwishowe wakamwambia fundi ajenge Msikizi bila swichi yoyote, kisha wakapongezana kwa busara yao.

Wakesho alitoka. Bi Coombs alimfuata kwenye ujia mwembamba, akatembea naye bega kwa bega.

"Hesabu ya ibara inatokea kwenye kishikwambi chako tu," alisema hatimaye, akiangalia mbele. "Haiendi ukutani. Hakuna mwingine anayeiona mpaka uitangaze."

"Najua."

"Nakwambia kilichopo tu, mwenzangu. Sijakutuma kitu."

*

Saa sita ilipogonga, taa ya kijani juu ya jukwaa ilizimika, na hiyo ndiyo ilikuwa alama yote ya kufa kwa sheria. Kwenye ukuta wa mbele ilitokea namba nyeupe, hesabu ya wanaotaka jambo moja, kubwa kupita kimo cha mtu. Mia na kumi. Mia na sabini. Watu walianza kucheka na kusukumana mabega. Mia mbili na tano, mia mbili na arobaini. Dakika ikahesabiwa kwa sauti ya wote, na kule mbali mlango wa ghala ukasikika ukifunguka. Vikombe vilijazwa na kupitishwa kwa mikono hadi kwa wenyewe. Wakesho alimwona mama yake mstari wa tano, amekaa wima katika kanga yake ya msiba, na mapajani amepakata kikombe cha njano. Kilikuwa kitupu. Alikileta tu, hakukiweka foleni.

Ibara ya kwanza, kwamba hakuna atakayetawala bila ridhaa ya wanaotawaliwa, ilipata watu mia tatu tisini na sita. Ya pili, ya kugawa madaraka, mia tatu na sabini, na mtu akapiga mluzi wa kuzomea swichi. Ya tatu, ya kusema na kuabudu, ikapita nayo. Kila ibara ilihitaji thuluthi mbili, watu mia mbili sabini na wawili. Ikiandikwa kitabuni ilimfunga Msikizi papo hapo, ila ofisi zenyewe zilirudi mwishoni, ibara zote zikitimia. Kila moja Wakesho aliisoma pamoja na mizizi yake kama desturi ilivyotaka: imetoka wapi, ililipiwa na nani, na nani aliachwa nje ilipoandikwa. Mizizi iliandikwa kwa mkono wa babu yake, herufi za kulala, wino uliofifia.

Alifungua ukurasa wa nne.

"Ibara ya nne. Mtu yeyote wa Kisima hatanyimwa hewa, maji wala joto kwa kosa analodaiwa kulitenda, kabla ya kusikilizwa na watu kumi na wawili wa hali yake."

Vikombe vilitulia. Kwenye kioo cha chumba cha tatu uso wa Obedi ulionekana, umekaribia sana hata pumzi yake iliacha ukungu.

"Mizizi yake ni hii," aliendelea. "Mwaka elfu moja mia mbili kumi na tano mabwana wa Uingereza walimbana mfalme wao kwenye uwanda kando ya mto, akakubali kutomkamata mtu huru bila hukumu ya wenzake. Walisema mtu huru, na wengi wa nchi ile hawakuwa huru. Watu wao waliohamia Amerika waliubeba mkataba huo, na walipokwisha kumkataa mfalme waliuandika katika katiba yao kwa maneno mapana zaidi: hakuna wa kupokonywa uhai, uhuru wala mali ila kwa njia ya sheria. Miongoni mwa walioandika walikuwamo wenye kumiliki watu. Vilipiganwa vita, wakafa zaidi ya laki sita, ndipo ikaandikwa tena iwahusu wote. Na baada ya kuandikwa hivyo bado makundi ya watu yaliwatoa watu weusi jela mchana kweupe, kabla hawajasikilizwa, wakawaua hadharani. Waliofanya hivyo walikuwa raia, walikuwa wengi, na walikuwa na hakika. Sisi tumeibeba ibara hii hadi hapa kwa sababu ya hao waliouawa."

Kisha akauliza swali la kikatiba: "Je, bado mnaitaka?"

Hakuna anayeinua mkono Kisima. Vikuku vilisoma. Kwenye kishikwambi chake namba ilipanda haraka, ikapunguza mwendo, ikasimama. Mia mbili hamsini na nane.

Zilipungua kumi na nne.

Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Kuandika mia mbili sabini na mbili kungechukua muda uleule wa kuandika namba ile nyingine. Hakuna ambaye angejua. Obedi angeishi mpaka Jumanne, Kisima kingebaki na ibara yake nzuri, na yeye angelala akiwa amemwokoa mtu. Alikuwa amejiandaa kwa hilo tangu alipoachana na Bi Coombs. Alikuwa amekwisha hata kujisamehe.

Kisha akaona kikuku chake mwenyewe. Kilikuwa na taa ndogo ambayo mvaaji peke yake huiona, ya kumjulisha alivyosomwa. Ilikuwa nyekundu.

Aliitazama kana kwamba ni mkono wa mtu mwingine. Alikuwa ameisoma ile mizizi kwa sauti thabiti na kuiamini kila neno, na wakati huohuo, chini ya maneno yote, alitaka yule mtu nyuma ya kioo akose hewa kama Mghoi alivyoikosa. Aliona aibu. Aliona pia, na hili lilimtisha zaidi, kwamba sasa hakuwa na njia iliyo safi. Akidanganya, ibara ya nne itakuwa amri ya Wakesho Mwadime, na karani wa kesho mwenye moyo mbaya atajua kwamba kitabu huandikwa apendavyo karani. Akisema kweli, atakuwa anasema kile hasa ambacho hasira yake inakitamani. Angejuaje kama ni uaminifu au ni kisasi kilichovaa nguo ya uaminifu?

Aliandika mia mbili hamsini na nane.

"Ibara ya nne haikupita," alisema kwenye kipaza sauti. "Zimepungua kumi na nne. Mmoja wa waliokataa ni mimi."

Ukumbi ulishusha pumzi. Kwa dakika hivi hakuna kilichotokea, na watu waliangaliana kwa haya, kila mmoja akijaribu kumtambua jirani yake. Halafu Mzee Lukindo aliinuka mstari wa mbele. Alikuwa mpole siku zote, mpanda mboga, na hakupaza sauti hata sasa.

"Wajukuu wangu hawakusikilizwa na watu kumi na wawili," alisema. "Walikosa hewa tu. Naye aikose."

Akakaa. Na ukutani, ile namba nyeupe iliyokuwa imezimika baada ya sukari ikawaka tena. Tisini. Mia na thelathini na tatu. Taa ya manjano iliwaka juu ya mlango wa chumba cha tatu, na chini yake Msikizi akaandika kwa herufi zake zisizo na hamaki: HEWA, CHUMBA CHA TATU, KUFUNGA. Mia na sitini. Hao hawakuwa wale waliokataa ibara tu. Walikuwamo walioitaka dakika tano nyuma, maana mtu anaweza kuitaka sheria kwa moyo wote na bado akataka fulani afe, na kazi yote ya sheria ilikuwa kumzuia huyohuyo. Jaji Rwegasira alisimama akapiga kelele kwamba Mahakama inakataza. Hakukuwa na Mahakama. Mia na tisini na moja.

Wakesho aligeukia kitabu kwa kutapatapa, akitafuta kifungu chochote cha kumsaidia. Kurasa zote zilikuwa maiti. Sheria ya kumlinda Obedi ilikufa, ya kumhamisha ilikufa, hata ile kanuni ya Mahakama kwamba mshtakiwa asiseme na watu kabla ya kesi yake.

Alisimama palepale. Hiyo nayo ilikufa.

Alikichomoa kipaza sauti kwenye kigingi, akashuka jukwaani akiburura waya, na watu wakampisha kwa sababu hawakujua anaenda kufanya nini. Namba ilifika mia mbili na tatu. Alipiga magoti mbele ya mlango na kukisukuma kipaza sauti kidirishani.

"Sema," alimwambia. "Hakuna anayekukataza. Sema haraka."

Obedi alikishika kwa mikono miwili. Mia mbili na tano. Chini ya namba, sekunde zikaanza kuhesabiwa.

"Sijui niseme nini," sauti yake ikajaa ukumbini. "Mimi... sijui kama niliifunga."

Kumi na mbili. Kumi na tatu.

"Nimekaa humu siku thelathini na moja nikiufikiria mkono wangu. Jioni ile niligusa vali tisa. Nane nazikumbuka. Ya tisa wakati mwingine naiona nimeifunga, wakati mwingine naona nimeitwa na mtu, nikageuka. Nikijiambia nilifunga, naona najitetea. Nikijiambia sikufunga, naona nataka tu yaishe. Mghoi alinipa chai siku ile. Aliniambia kile chumba kina baridi kidogo, nikamwambia nitaangalia."

Thelathini na moja. Mama yake Wakesho alikuwa ameinamia kikombe.

"Mimi mwenyewe siwezi kujihukumu, ndugu zangu, na nilikuwapo. Ndiyo maana nilikuwa naisubiri Jumanne. Nilitaka waje watu kumi na wawili walitazame lile daftari, waikague vali, waulize aliyeniita ni nani. Wakisema ni mimi, basi ni mimi. Nataka kujua. Nanyi je, hamtaki kujua?"

Arobaini na nne. Wakesho alikuwa bado amepiga magoti. Kati ya wale mia mbili na tano mmoja alikuwa yeye. Hakuhitaji kutazama mkono. Alijaribu kuacha kutaka na hakuweza, kama mtu anayejaribu kuacha kusikia njaa. Kwa hiyo alifanya kile alichoweza, akashikilia waya usichomoke.

Arobaini na tisa. Namba ikateleza hadi mia mbili na nne, na sekunde zikafutika.

Hakujua ni nani aliyeachia. Ikarudi mia mbili na tano, sekunde zikaanza upya, tatu, nne, ikateleza tena. Mia na tisini na nane. Mtu fulani nyuma alikuwa akilia kwa sauti. Mia na sabini. Mzee Lukindo alikuwa amefunika uso kwa viganja vyake vya mkulima. Mia na arobaini. Taa ya manjano ikazimika.

"Isome tena, karani," alisema Bi Coombs kutoka benchi la raia wengine, naye sasa akiwa raia mwenzao tu.

Wakesho alimwachia Obedi kipaza sauti, akarudi jukwaani. Aliisoma ibara ya nne mara ya pili, bila mizizi, akauliza kama wanaitaka. Namba ilipanda kwenye kishikwambi chake polepole sana. Mia mbili na hamsini. Mia mbili sabini na moja, na hapo ikakaa mpaka akadhani imekwama. Kisha ikasogea, na ilipotulia ilikuwa mia mbili themanini na moja.

Kabla ya kuandika alitazama kikuku chake. Alikuwa ametumaini, kwa jinsi alivyokuwa ameushikilia ule waya, kwamba kingekuwa kimegeuka. Taa ilikuwa nyekundu vilevile.

Akaandika mia mbili themanini na moja, kwa mwandiko wake ulionyooka, akatia sahihi. Zilibaki ibara saba, na watu walizipitisha wakiwa wamechoka, karibu bila kusikiliza. Saa saba kasorobo alitia sahihi ya mwisho na taa ya kijani ikawaka. Jaji akawa Jaji tena. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha tatu na ufunguo wake, akamngoja Bi Coombs alete wa kwake, wamhamishie kliniki.

Wakesho aliwatangulia hapo kwenye kioo.

"Imepita," alimwambia Obedi. "Utasikilizwa Jumanne."

Obedi aliitikia kwa kichwa. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Nilikusikia mara ya kwanza, ulipojitaja. Na mara ya pili, dada?"

Hakuwajibika kumwambia. "Mara ya pili pia nilikataa."

"Lakini umeandika."

"Nimeandika."

Fundi aliutazama mkono wa Wakesho wenye wino, kisha akamrudishia kipaza sauti kidirishani, ncha ya kushikia ikiwa mbele, kama fundi anavyompa mwenzake chombo.

Watu walikuwa wakitoka wakiwa wameshika vikombe ambavyo wengi hawakuvigusa. Mstari wa tano mama yake alikuwa bado amekaa. Wakesho alimwendea, kitabu kwapani, akasimama mbele yake kama alivyokuwa akisimama utotoni akiwa amevunja kitu.

"Umefanya nini, mwanangu?" mama yake aliuliza.

"Nimehesabu, Mama."

Mama alikihamisha kile kikombe cha njano kutoka pajani akakiweka upande wa pili, akasogea kidogo, na Wakesho akakaa.